Sura ya 6: Printa Inayosahau

Umeme wa Regideso, shirika la umeme la Burundi, unaporudi Mutakura, kila kifaa cha ofisini huamka kwa namna yake. Feni huanza kuzunguka, ruta humetameta dakika mbili tatu kabla ya kutulia, kompyuta ya mezani hulalamika kwamba ilizimwa vibaya. Printa nayo hunguruma, huzungusha rola zake mara moja, kisha hunyamaza. Kwa macho haina kasoro. Mtu anatuma barua, haitoki. Anatuma tena, na tena, mpaka foleni inajaa nakala nane za barua ile ile, na mwenye ofisi anakata shauri kwamba printa imekufa.

Mara nyingi haijafa. Ikiwa ni HP LaserJet 1020, au jamaa zake 1000, 1005 na 1018, imesahau. Printa nyingi hubeba programu yao ya ndani katika kumbukumbu isiyofutika. Hizi hazina. Kila zikiwashwa huwa tupu, na husubiri kompyuta izipelekee faili dogo kupitia kebo ya USB ndipo zijue kwamba zenyewe ni printa. Faili hilo hukaa mahali ambapo umeme ukiondoka, nalo huondoka. Mtu mwenye kompyuta moja ya Windows pembeni mwa printa halioni jambo hili, kwa kuwa draiva ya Windows hulifanya kimyakimya. Waliobuni printa hizi walimfikiria mtu huyo: meza moja, kompyuta moja, umeme wa kutegemewa. Ofisi yenye watu sita, mifumo endeshi mitano na umeme unaokwenda na kurudi haikuwamo katika hesabu yao.

Sura hii ni ya ofisi hiyo ya pili. Ninachokusudia kukionyesha ni kimoja: usijaribu kuipatanisha printa ya zamani na kila kifaa kilichomo ofisini. Iwekee kompyuta moja tu inayoijua, kisha vifaa vingine vyote vizungumze na kompyuta hiyo. Ukilifanya hilo, umri wa printa unakoma kuwa tatizo la mtandao.

Lakini kwanza, je, inastahili kuhangaikiwa? Naamini inastahili sana. Katriji ya LaserJet 1020 ni ile inayoitwa 12A, na 12A haina chipu. Printa nyingi za miaka ya karibuni husoma chipu iliyobandikwa kwenye katriji, na baadhi yake hukataa kufanya kazi chipu isipokuwa ya kiwanda, hata kama unga wa tona umejaa. 12A haina pa kukatalia. Fundi anaifungua, anatoa unga uliochakaa, anajaza mpya, anafunga, na ukurasa unatoka. Kiwanda kiliipimia katriji hiyo kurasa 2,000, na ikishajazwa upya inaendelea. Canon, ambayo ndiyo iliyotengeneza mtambo wa ndani wa LaserJet ya kwanza kabisa mwaka 1984 na wa nyingi zilizofuata, nayo ilitoa LBP2900, printa ya tabia karibu zile zile. Burundi haina bahari. Bidhaa zake nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa wafanyabiashara wake wanahangaika kupata fedha za kigeni za kuagizia. Katika hali hiyo, printa inayojazwa unga na fundi wa jirani ni mali, na kumshauri mtu aitupe kwa sababu haionekani kwenye simu yake ni kumpa ushauri mbaya.

Tuchukue sasa ofisi ya mfano. Mutakura ni mtaa wa zoni ya Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, na kazi kubwa ya ofisi ndogo za mitaa kama huo ni karatasi: barua za kuomba kazi, wasifu, fotokopi za vitambulisho, mitihani ya shule, mihtasari ya vikao. Ofisi yetu ina sekretariati mbele, yaani duka la kuchapa na kutoa fotokopi, na nyuma kuna chumba cha ushirika wa kuweka na kukopa. Kuna kompyuta mbili za Windows, moja yake bado ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna MacBook iliyobaki baada ya mradi fulani kumalizika. Kijana wa hesabu anatumia Ubuntu, aina moja ya Linux. Wateja wanafika na faili kwenye flashi, au wanalituma kwa WhatsApp wakiwa wamesimama mlangoni, kwa hiyo simu ya Android ya dukani ni chombo cha kazi sawa na kompyuta. Mweka hazina ana iPhone. Wote wako kwenye ruta moja. Printa ni LaserJet 1020, ina tundu la USB na tundu la umeme, basi.

Ili kuelewa kwa nini vifaa hivi havisikilizani, ni lazima tujue printa huambiwa nini inapoambiwa ichape.

Zipo printa za zamani za aina mbili, na tofauti yao ina uzito kuliko mwaka zilipotengenezwa. Za aina ya kwanza zina akili yao. Unazitumia maelezo ya ukurasa, kwamba hapa pana herufi hii ya ukubwa huu, pale pana mstari, na zenyewe zinachora. Maelezo hayo huandikwa katika lugha maalumu, na lugha kubwa mbili zilitoka katika miaka ile ile: PCL ya HP, iliyoenea kwa LaserJet ya 1984, na PostScript ya Adobe, iliyotangazwa mwaka huo huo na kupata umaarufu kwa LaserWriter ya Apple mwaka 1985. Printa inayojua lugha hizo ikiwa pia na tundu la mtandao, kazi yako ni nyepesi mno. Kila mfumo endeshi wa kompyuta wa leo bado unaweza kuzungumza nayo moja kwa moja, kupitia lango namba 9100 ambalo HP ililianzisha kwa vifaa vyake vya JetDirect, au kupitia LPD, njia ya zamani ya Unix iliyoelezwa rasmi mwaka 1990 na inayotumia lango namba 515. Nimeona watu wakiogopa mashine nzito za aina hii kwa sababu ya umri wake, wakakimbilia printa ndogo ya juzi inayowasumbua kila wiki.

Za aina ya pili hazina akili hiyo. Ni za bei nafuu kwa sababu kazi ya kuchora ukurasa imeachiwa kompyuta. LaserJet 1020 ni ya kundi hili, na LBP2900 pia. Hapa hesabu inafaa. Ukurasa wa A4 ukichorwa kwa nukta 600 kwa inchi una nukta karibu 4,960 kwa upana na 7,016 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni 34. Ukihifadhi kila nukta kuwa nyeusi au nyeupe tu, unahitaji zaidi ya megabaiti 4. LaserJet 1020 ina megabaiti 2. Kwa hiyo kompyuta inachora nukta zote, inazibana, kisha inazituma katika mpangilio wa pekee ambao printa ya aina nyingine haiuelewi. Simu ya Android haina habari na mpangilio huo. iPhone haina, na haitakuwa nayo kamwe.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza ambao ofisi hupewa, wa kuunganisha printa kwenye kompyuta moja ya Windows na kuishirikisha kwa wengine, huleta nafuu fupi. Windows kwa Windows, inaweza kwenda. Lakini kompyuta hiyo lazima iwake muda wote, na ni ya mtu fulani ambaye ataizima akienda kula. Kila kompyuta inayotaka kuchapa inahitaji draiva ya printa hiyo hiyo. Mac itasumbuka, simu haitaona kitu. Na Microsoft imekuwa ikiifunga njia hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu za haki: baada ya programu hasidi ya WannaCry kupita duniani mwezi Mei 2017, toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa mwaka huo lilianza kuiondoa SMB1, ile itifaki ya zamani ya kushirikishana mafaili na printa. Mwaka 2021 likafichuka tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare katika huduma ya uchapaji ya Windows, na masasisho ya Septemba mwaka huo yakaacha ofisi nyingi zikitazama kosa 0x0000011b badala ya karatasi. Watu wengi walilaumu printa zao siku hizo. Printa hazikuwa na hatia.

Mtu wa Bujumbura ana mfano wa dawa ya tatizo hili katika maisha ya kila siku. Kikao kinaendeshwa kwa Kirundi, muhtasari unaandikwa kwa Kifaransa, bei ya tona inapatanwa kwa Kiswahili kule mtaa wa Buyenzi. Mzee asiyejua lugha zote tatu halazimishwi kujifunza uzeeni ili asikilizwe. Anakalishwa karibu na mtu mmoja anayezijua. Printa yetu ni huyo mzee, na mkalimani wake ni kompyuta ndogo yenye Linux na programu inayoitwa CUPS.

CUPS ilianza kuandikwa na Michael Sweet mwaka 1997 na ikatolewa hadharani 1999. Ililetwa ili kuachana na njia za zamani za Unix na kuegemea itifaki mpya ya IPP, ambayo hutumia lango namba 631. Mwaka 2002 Apple iliiweka ndani ya Mac OS X 10.2, na mwaka 2007 ikainunua na kumwajiri Sweet mwenyewe. Hivyo MacBook ya ofisi yetu na mashine ya Ubuntu zinachapa kwa programu ile ile, jambo ambalo wamiliki wake wengi hawalijui. Sweet aliondoka Apple mwishoni mwa 2019, na kazi ikaendelea mikononi mwa kundi la OpenPrinting. Na Apple ilipoleta AirPrint mwezi Novemba 2010 ili iPhone na iPad zichape bila draiva, iliijenga juu ya IPP hiyo hiyo. Android nayo siku hizi huja na huduma ya uchapaji inayoijua IPP. Hivyo vifaa vyote vya ofisi, kwa njia moja au nyingine, vinakutana kwenye lugha moja. Printa peke yake ndiyo iko nje, na CUPS inasimama mlangoni: upande huu inapokea ukurasa kwa IPP, upande ule inauchora, inaubana na kuutuma kwa namna ambayo 1020 inaielewa.

Kuna kipande cha historia ambacho nisingependa kukiruka, kwa kuwa bila yake mkalimani huyu asingekuwepo. Mnamo 1980 hivi, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani ilipewa na Xerox printa mpya ya leza. Printa iliyotangulia ilikuwa ikikwama karatasi, na kijana mmoja wa maabara, Richard Stallman, alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwaarifu watu waliosubiri kwamba karatasi imekwama. Alitaka kufanya hivyo kwa hii mpya. Akanyimwa msimbo wa programu. Aliyekuwa nao alikuwa ameahidi kutoutoa kwa yeyote. Stallman hakulisahau jambo hilo, na mwezi Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao ulizaa sehemu kubwa ya kile tunachokiita Linux leo. Printa inayokwama, na mtu aliyezuiwa kuitengeneza: hapo ndipo harakati ya programu huria inapodai chimbuko lake. Miaka mingi baadaye, mtunzi wa programu Rick Richardson akaandika foo2zjs, draiva huria inayouzungumza mpangilio wa nukta wa printa kama 1020. Mtu wa Mutakura anayeweza leo kuifufua printa aliyoinunua ikiwa imetumika anafaidi jasho la watu hao.

Sasa kazi yenyewe.

Kwa mkalimani, wengi hupendekeza Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Inafaa, inakula umeme kidogo. Lakini kwa Mutakura mimi nachagua laptop ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, mradi betri yake inashika nusu saa. Pi huhifadhi kila kitu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na umeme unaokatika ghafla katikati ya kuandika ni njia ya haraka ya kuiharibu kadi hiyo. Laptop ina betri ndani yake. Umeme ukikatika, inaendelea, haianguki. Weka Debian, nayo ni aina ya Linux, bila madoido ya skrini, na ubadilishe mpangilio wa HandleLidSwitch uwe "ignore" ili kifuniko kikifungwa isilale. Wakati wa kuweka mfumo, hakikisha umeteua kibodi ya AZERTY ikiwa laptop ni ya Kifaransa kama nyingi za Bujumbura. Nywila iliyochapwa kwa kibodi ya AZERTY wakati mfumo unadhani ni QWERTY itakufungia nje ya mashine yako mwenyewe, kwa sababu A itakuwa Q na M itakuwa pengine kabisa.

Ipe mashine hiyo anwani isiyobadilika. Hapa ndipo ofisi nyingi huvunjika moyo. Ruta hugawa anwani kwa vifaa kila vinapojiunga, na baada ya umeme kukatika inaweza kuzigawa upya, kwa hiyo printa iliyokuwa 192.168.1.7 asubuhi inakuwa 192.168.1.12 mchana, na kila kompyuta inaitafuta ilikokuwa. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kutenga anwani, na uifungie laptop anwani moja, tuseme 192.168.1.10. Iandike kwenye karatasi na uibandike juu ya printa.

Kisha sakinisha CUPS, pamoja na draiva, foo2zjs au HPLIP ya HP, moja kati ya hizo, siyo zote mbili, kwani zikiwa pamoja zinaweza kugombania printa. Nami hapa naipa uzito nukta moja kuliko zote: lile faili la kuiamsha printa. Ni mali ya HP, kwa hiyo halimo ndani ya Debian, na lazima lipakuliwe kando. Kwa foo2zjs linaitwa sihp1020.dl. HPLIP nayo inadai kiongezi chake, na kila ukisasisha HPLIP inataka kiongezi cha toleo jipya. Likishakuwa mahali pake, Linux huliona tukio la printa kuwashwa na huipelekea faili yenyewe, usiku au mchana, bila mtu kugusa kitu. Lipakue siku intaneti ni nzuri, liweke pia kwenye flashi, na flashi hiyo usiitoe ofisini. Siku laptop itakapokufa na kifurushi cha data kimekwisha, flashi hiyo itakuwa na thamani kuliko mwongozo wowote.

Ukurasa wa usimamizi wa CUPS unafunguka kwenye kivinjari kupitia lango namba 631. Ongeza printa, iite jina fupi lisilo na nafasi, mfano "ofisi", ruhusu ishirikishwe, na uweke A4 kuwa karatasi ya kawaida. Hilo la A4 ni dogo na linasumbua kupita kiasi. Nyaraka zinazotoka kwa wafadhili wa Marekani huja kwa kipimo chao cha Letter, milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Printa ikiambiwa Letter inaweza kusimama na kuwasha taa ikisubiri karatasi ambayo Bujumbura nzima haina. Weka pia Avahi, programu inayoitangaza printa kwenye mtandao, ndipo Mac, Ubuntu na simu ziione zenyewe.

MacBook itaikuta kwenye orodha. Ubuntu hivyo hivyo. Simu ya Android itaiona mtu akigusa kitufe cha kuchapa ndani ya faili la WhatsApp, na iPhone pia, ilimradi CUPS ya upande wa laptop ni ya miaka ya karibuni. Windows ndiyo inayodai mkono wako. Ongeza printa kwa kuandika anwani yake, http://192.168.1.10:631/printers/ofisi, na inapouliza draiva, usitafute ya LaserJet 1020. Chagua ya jumla ya PostScript. Mtu anayefanya hivi kwa mara ya kwanza husita, anaona kama anaidanganya kompyuta. Lakini Windows haizungumzi na printa tena. Inazungumza na CUPS, na CUPS inaijua PostScript vizuri. Kuanzia hapo, draiva ya Windows ya printa iliyozeeka haikuhusu, wala uamuzi wa Microsoft uliotangazwa Septemba 2023 wa kuacha pole pole kusambaza draiva za watengenezaji wengine.

Simu moja ikikataa kuiona printa wakati nyingine zinaiona, angalia imejiunga na Wi-Fi ipi kabla hujagusa kitu kingine. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na kazi yake hasa ni kuvitenga vifaa visionane.

Na wageni wasionane na printa, ndivyo ninavyotaka. Sekretariati inapitisha maisha ya watu: nambari za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za talaka, matokeo ya vipimo vya hospitali. CUPS kwa kawaida huhifadhi nakala ya faili lililochapwa kwa siku nzima, ili liweze kuchapwa tena. Katika ofisi inayochapia umma, hilo ni kosa. Fungua cupsd.conf, andika "PreserveJobFiles No", na faili litafutwa mara kazi inapomalizika. Mama aliyeleta karatasi zake za mahakamani hakuwakabidhi mzitunze, amewapa mzichape. Printa za aina ya kwanza, zenye lango 9100 wazi, hazina hata nywila: yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kuzitumia. Zisiunganishwe kamwe na intaneti moja kwa moja, wala zisiwe kwenye Wi-Fi ambayo nywila yake imeandikwa ukutani kwa wateja.

Kuhusu umeme, nitasema machache. Ruta na laptop ziwe kwenye UPS, au onduleri kama wanavyosema Bujumbura. Printa ya leza isiwe. Sehemu yake inayoyeyusha unga kwenye karatasi hupashwa joto la nyuzi 200 hivi, na kila inapowaka huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, kiasi cha kuielemea UPS ndogo. Iunganishe na soketi ya ukutani yenye kinga ya umeme unaopanda, na umeme ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuiwasha. Msimu wa mvua, katika mji ulio kando ya ziwa, karatasi hunywa unyevu na kuanza kukwama. Fungua rimu unapoihitaji tu, nusu iliyobaki ifunge kwenye mfuko wake.

Ofisi ikikua na ikabidi kuongeza printa ya pili, usinunue nyingine ya aina inayotegemea kompyuta kwa sababu tu umeshaizoea. Tafuta iliyotumika yenye herufi n mwishoni mwa jina, inayoonyesha tundu la mtandao, na d ikiwezekana, ya kuchapa pande mbili. LaserJet P2055dn ni mfano mzuri: inajua PCL, inajua PostScript, na ina tundu la mtandao. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe na atoe ukurasa wa usanidi. Usome wote, hata kama wateja wengine wanakungoja. Humo pameandikwa lugha inazozijua, kumbukumbu iliyonayo, anwani ya mtandao iliyoachwa na mmiliki wa zamani, na idadi ya kurasa ilizochapa tangu izaliwe. Ikiwa idadi hiyo imepita laki moja, uliza kama rola za kuvutia karatasi na sehemu ya joto zimewahi kubadilishwa, na upatane bei kulingana na jibu utakalopewa.